Daktari aliyeandika homa yetu ya mwaka 1870 bado anatajwa. Je, anasomwa?

MwalimuKikwajuni (mwenye uzi)

Assalamu alaykum wana jukwaa. Uzi mrefu huu. Mwenye haraka apite, mwenye kahawa akae.

Mpwa wangu anasoma shahada ya pili, na tasnifu yake inahusu homa za virusi zinazoenezwa na mbu. Wiki iliyopita kaniletea sura ya kwanza. Mie ni mwalimu wa Kiswahili wa skuli, virusi sivijui, kazi yangu ilikuwa kumnyooshea ikisiri ya Kiswahili basi. Lakini macho hayana pazia. Ukurasa wa pili nikakuta kaandika, kwa Kiingereza chake kizuri, kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili lenye maana ya "kinachokunja", na mwisho wa sentensi kapanga makala 5 za kumshuhudia.

Nikampigia simu. Kiswahili cha wapi hichi, cha Unguja, cha Pemba au cha Mvita? Kanambia, "Mjomba, makala zote hizo ndivyo zinavyosema, na zinatajwa sana." Nikamwambia, bibi yako kazaliwa Makunduchi, kaolewa mjini, ushawahi kumsikia hata siku moja akisema mgongo wake umekungunya? Akanyamaza. Halafu akasema neno lililoninyima usingizi: "Mjomba, bibi siwezi kumrejelea."

Basi nikaanza kuchimba mwenyewe.

Neno ni la Kimakonde, limetokana na kitenzi "kungunyala", kukunjamana au kujipinda. Ugonjwa ulitambuliwa uwanda wa Makonde, Newala, kusini ya Tanganyika, 1952 kuingia 1953. Mwaka 1955 Marion Robinson akaandika dalili za wagonjwa na W.H.R. Lumsden akaandika namna ulivyoenea. Mwaka 1956 R.W. Ross akaandika virusi vyenyewe vilivyopatikana. Makala hizo tatu ndizo mlango wa nyumba. Yeyote anayeandika historia ya chikungunya lazima apite hapo, na wengi wanapita huku wakiwageuza Wamakonde kuwa Waswahili.

Nikasema haya, kama hilo si letu, letu ni lipi? Hapo ndipo nilipokutana na James Christie.

Christie alikuwa daktari kutoka Scotland aliyekaa hapa mjini Unguja zama za masultani wetu, Sayyid Majid na Sayyid Barghash. Kaona kipindupindu cha 1869 na 1870. Watu hawajamaliza matanga, Julai 1870 ikaingia homa nyengine: inampata mtu ghafla, viungo vinakaza, ngozi inatoka vipele. Mji ukaiita kidinga pepo. Sayyid Majid akafariki Oktoba, Sayyid Barghash akakalia kiti, homa bado imo majumbani mpaka Januari 1871. Mwaka 1872 Christie akaiandikia makala katika British Medical Journal, na jina la watu wa mji akaliweka kwenye kichwa cha habari: Kidinga Pepo.

Lililonigusa ni hili. Kuwa homa hii ilishawahi kufika Unguja kabla ya hapo, Christie aliambiwa na wazee. Wao ndio waliosema kwamba waliiona walipokuwa vijana, kiasi cha miaka 48 nyuma, na jina lake lilikuwa hilo hilo. Ule mwaka 1823 mnaoukuta kwenye historia ya homa ya dengi, hii inayoitwa leo kidingapopo, katika vitabu vya Kizungu, chanzo chake ni vinywa vya wazee wa hapa. Christie katajwa mwaka 1872, katajwa karne nzima iliyofuata, anatajwa leo. Wale wazee hakuna hata mmoja aliyeandikwa jina.

Swali langu kwenu, khasa mlio kwenye utafiti: mwanasayansi wa maradhi ya virusi tumpime kwa mara alizotajwa katika makala za wenziwe? Na hizo hesabu zinahesabu nini khasa?

MtotoWaDarajani

Mwalimu mie siku zote nilijua dinga ni gari. Kidingapopo nikadhani kigari cha popo 😂😂

Samahani, endeleeni wakubwa.

MwalimuKikwajuni

Hahaha, umenichekesha, lakini umegusa penyewe. Christie kaandika "pepo", leo matangazo ya afya na magazeti yanaandika "kidingapopo", na wapo watu wanaodhani wanaoleta ugonjwa ni popo. Popo hawamo kabisa. Mwenye kazi yake ni yule mbu mweusi wa mabakabaka meupe miguuni, anayeuma mchana.

Mmakonde_Halisi

Shikamoo mwalimu. Nipo Mtwara. Nashukuru umetutendea haki, maana hata huku Bara ukisema chikungunya ni Kimakonde watu wanakucheka wanadhani unatania. Nimeshasoma kwenye tovuti kubwa tu kwamba ni Kiswahili. Mkuu, Mswahili gani anaanza jina la kitu na "chi"? Waswahili mnasema "ki". Hiyo "chi" peke yake ingetosha kumfanya mtafiti asimame aulize.

MwalimuKikwajuni

Marahaba. Wallahi hoja hiyo ya "chi" nimekupa maksi zote.

MtafitiTunguu

Mwalimu, uzi mzuri, lakini naona unaelekea kwenye kuwachoma watafiti wote kwa moto mmoja. Niruhusu niwatetee kidogo, maana na mie nimo.

Hizi hesabu za kutajwa hazikuanzishwa kwa ajili ya majigambo. Eugene Garfield aliandika wazo lake mwaka 1955, na faharasa yenyewe ya sayansi ikatoka mwaka 1964. Lengo lilikuwa kumsaidia msomaji: ukishika makala moja ya zamani, uweze kujua nani kaitumia baadaye, nani kaisahihisha, nani kaikataa. Ni njia ya kufuata fikra, kama unavyofuata mlolongo wa walimu wa chuoni, nani kasoma kwa nani. Kuwapima watu kwa hesabu hiyo kumekuja baadaye.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta kipimo kinachoitwa h. Wengi wanakitaja na hawakijui, kwa hiyo nitakieleza kwa uvuvi. Chukua mvuvi wa Kojani. Ukimuuliza jumla ya samaki wake, huenda siku moja kaangukia kundi la jodari, na siku zote nyengine karudi na maji. Jumla inakudanganya. Hirsch anauliza hivi: una safari ngapi ambazo katika kila moja ulirudi na samaki wasiopungua idadi ya safari hizo? Kama ni safari 12 zenye samaki 12 na zaidi kila moja, h yako ni 12. Sasa badala ya safari weka makala, na badala ya samaki weka mara ilizotajwa: mwenye makala moja iliyotajwa mara elfu na nyengine hazikutajwa kabisa, h yake ni 1.

Sasa niseme ukweli unaouma. Mie nimepata nafasi ya kusoma nje kwa sababu makala zangu mbili zilitajwa. Sikuwa na ami serikalini wala shemeji ubalozini. Mkiziondoa hesabu hizi kesho, kitakachobaki kuamua nani apewe fedha za utafiti ni kujuana. Hivi mnapapenda hapo zaidi?

Bi_Mkunazini

Mwanangu Mtafiti, umesema kweli kuhusu kujuana. Lakini mie nina suala la mtu asiyesoma sayansi. Mwalimu anasema Christie kaandika habari za dengi. Viungo kukaza na kuuma siku nyingi, hiyo si ndiyo chikungunya? Mdogo wangu aliipata chikungunya Mombasa mwaka 2004, miezi mitatu hafungi vifungo vya nguo yake mwenyewe.

MtafitiTunguu

Bibi, suala lako watu wamelijibu kwa kurasa nyingi. Mwaka 1971 Donald Carey aliandika kwamba huenda kulikuwa na kosa la kuvishana majina: ile homa ya Unguja ya 1823 na ya 1870 kwa dalili zake inafanana zaidi na chikungunya kuliko dengi tunayoijua leo. Khasa kwa sababu uliyoitaja wewe, maumivu ya viungo yanayobaki baada ya homa kuondoka. Dengi nayo inauma mifupa na misuli, lakini kwa kawaida haimwachi mtu na viungo vya kizee kwa miezi. Virusi vya homa hizi mbili ni vya jamaa mbalimbali kabisa, ila mbu wao ni mmoja, Aedes aegypti, na wagonjwa wa siku za mwanzo hata daktari wa leo hawatofautishi bila ya maabara.

Na Christie mwenyewe mwaka 1881 alidai kwamba ugonjwa na jina lake vilisafiri na biashara ya watumwa kutoka pwani yetu mpaka visiwa vya Karibi, na huko "dinga" likawa "dengue". Wengine wanasema hapana, asili ni Kispania. Mpaka leo wanavutana.

Bi_Mkunazini

Kwa hiyo neno la Wamakonde wakaliita la Kiswahili, na jina letu likapewa ugonjwa mwengine! Makubwa.

Mmakonde_Halisi

Bibi umemaliza kila kitu 🤣 Kabila letu mwachukua mpaka homa.

MuuguziWete

Salamu kutoka kisiwa cha pili. Nimesoma wote nikaona niongeze upande wa wanaoshika sindano.

Nilipoanza kazi, kila homa ilikuwa malaria. Mtu akija anatetemeka, anaandikiwa dawa kabla hajakaa. Baadaye zikaja dawa mseto, vyandarua, kupuliza majumbani, na malaria Zanzibar ikashuka mpaka chini ya asilimia 1. Alhamdulillahi. Lakini hapo ndipo tulipoanza kuona aibu. Mgonjwa ana homa ya nyuzi 39, kipimo cha malaria hasi. Unamwambia nini? Tulikuwa tukisema "homa ya virusi", neno la kujifichia. Virusi gani? Mgonjwa hakuulizi, na wewe unashukuru hakuuliza.

Ndiyo maana mie makala za watu wa virusi nazithamini. Dengi tulikuwa tukiiona ni ugonjwa wa Dar es Salaam, wakaupate huko huko. Damu za watu wa Pemba zilipopimwa zikakutwa na kingamwili za dengi, maana yake ilishapita ndani ya miili ya watu wa hapa bila ya kuitwa jina. Hilo limebadilisha namna ninavyomtazama mgonjwa. Mtu mwenye homa ambaye sijamwondolea shaka ya dengi, simpi aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu ya hatari ya kutoka damu. Nampa paracetamoli na maji mengi, na namwambia siku atakayoona homa imeshuka asidhani kapona, arudi akisikia tumbo linauma au fizi zinatoka damu.

Sasa Mtafiti, nambie. Hili la aspirini nimelipata kwenye mwongozo, mwongozo umetoka kwenye makala, makala kaandika mtu. Mie nalitumia kila wiki. Katika hesabu zenu za kutajwa, mie nimo? Muuguzi wa Wete akiokoa mtu kwa kazi ya mwanasayansi, ile h inapanda?

MtafitiTunguu

Haipandi. Inapanda mtu akiandika makala nyengine tu.

MuuguziWete

Basi ndipo nilipo mie. Na la pili, niliseme bila ya kumtaja mtu. Kuna utafiti mmoja miaka ya nyuma, wala haukuwa wa dengi, niliozunguka nao vijiji vitatu na baskeli. Nikabisha hodi, nikawaeleza kina mama kwa nini tunataka damu ya watoto wao, nikajibu maswali ambayo waliotuajiri hawakuwa na lugha ya kuyajibu. Makala ikatoka. Nimekuja kuijua baada ya miaka, kwa bahati. Sisi wa vijijini tumeshukuriwa kwa jumla mstari mmoja mwishoni, "wafanyakazi wa afya". Kutotajwa kulinikera siku moja mbili. Kilichonikera zaidi ni kwamba majibu hayakurudi kwa wale kina mama. Mpaka leo nikipita, mmoja ananiuliza, "Mwanangu, ile damu ilisema nini?"

KichwaNgumu

Mimi naona mnajisumbua. Hizo ni hesabu za wazungu, wanatajana wenyewe kwa wenyewe. Sisi tuna shida ya maji na umeme, mtu anakesha kuhesabu nani kamtaja nani.

MwalimuKikwajuni

Bwana KichwaNgumu, ungekuwa ni mchezo wao peke yao nisingefungua uzi. Hebu angalia inavyokwenda.

Virusi vya Zika vilipatikana kwenye kima aliyewekwa katika msitu wa Zika karibu na Entebbe mwaka 1947, makala ikatoka 1952. Ikalala zaidi ya nusu karne, wakiifungua wachache wenye kazi hiyo. Mwaka 2015 Zika ikazuka Brazil, Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura, na ghafla makala ya 1952 kila mtu anaitaja. Herufi hata moja haijabadilika ndani yake. Kilichobadilika ni nani anaumwa.

Chikungunya ni hivyo hivyo. Mwaka 2004 ilipiga Lamu, na uchunguzi wa damu ukaja kuonesha kiasi cha robo tatu ya watu wa pale waliipata. Robo tatu ya mji! Mdogo wake Bi Mkunazini ni wa wimbi hilo. Mwaka uliofuata ikaingia Komoro. Kelele za dunia zilikuja ilipofika Réunion, 2005 na 2006, ambako watu wapatao 266,000 waliugua, karibu theluthi ya kisiwa. Na Réunion ni Ufaransa. Maabara zikafunguka, fedha zikatoka, makala zikamiminika, na Ross wa mwaka 1956 akafufuliwa.

Kwa hiyo hesabu ya kutajwa inakuambia pia nani dunia inamwona anapougua. Na fedha za utafiti zinafuata huko huko. Wewe unayesema una shida ya maji, lile pipa unaloweka maji ya siku tatu nyuma ya jiko ndimo anamotaga mbu wa homa hizi.

KichwaNgumu

Hilo la pipa limenigusa 😅 Kwani likifunikwa haitoshi?

MuuguziWete

Linatosha likifunikwa barabara, kitambaa kilichotoboka hakisaidii. Na usilimwage tu ukalijaza tena, lisugue kuta za ndani kwa brashi, mayai yake yananata hapo na yanaweza kukaa miezi makavu yakisubiri maji. Halafu tazama vifuu, makopo, mipira ya gari. Huku kwetu vifuu vya nazi ndiyo maternity ya mbu.

MtafitiTunguu

Mwalimu, kuhusu mpwa wako. Kosa lake lina jina hata kama halina adabu: kunakili rejea. Mwaka 2003 Simkin na Roychowdhury walifanya jambo la ujanja. Walifuatilia makosa ya uchapaji ndani ya orodha za marejeleo, namba ya ukurasa iliyokosewa kwa mfano, wakaona kosa lile lile linarudiwa na watu wengi ambao hawajuani. Mtu aliyefungua makala yenyewe hawezi kukosea ukurasa kwa namna ile ile aliyokosea mwenziwe, ila kama kakopi kwake. Makadirio yao yalikuwa kwamba ni kiasi cha asilimia 20 tu ya wanaoitaja makala ndio walioisoma.

MwalimuKikwajuni

Subhanallah. Ni kama kusahihisha mitihani! Watoto wawili wakipata jibu sawa huwezi kusema kitu, wakikosea sawa unawaita ofisini.

Basi na mie nina kosa langu la kuwafuatilia. Makala nyingi za siku hizi zinaandika "Ka-dinga pepo". Christie 1872 kaandika "Kidinga". Kiswahili cha Unguja kitu kidogo ni "ki", kitoto, kijiji, kidonda. "Ka" ni ya watu wa bara ndani, na siku hizi ya vijana wa mjini. Kila nikiona "ka" najua huyu hajafika kwa Christie, kapewa mkononi na mwenziwe.

MtafitiTunguu

Hapo mwalimu nitakuzuia, samahani sana. Umeona kichwa cha makala ya 1872. Christie aliandika tena 1881, na baina ya hapo wengine walimnukuu. Tahajia inaweza kubadilika hata katika mkono wa mtu yule yule, khasa mgeni anayesikia lugha kwa sikio. Huwezi kumhukumu mtu kwa "ka" mpaka uwe umesoma maandishi yote mawili mstari kwa mstari. Vyenginevyo unafanya kile kile alichofanya mpwa wako, unasema jambo la kitu ambacho hukukifungua.

MwalimuKikwajuni

Nimepigwa bakora ya haki. Naiondoa kauli ya "ka" mpaka nisome yote mawili.

MtotoWaDarajani

Mwalimu kapewa sifuri 😂😂 leo ni leo

MzeeWaJaws

Nimekaa kimya nawasoma tangu alfajiri. Nyinyi mnasema "kutajwa" kama kwamba ni sifa. Kiswahili changu mimi, mtu akisema "fulani katajwa", la kwanza nauliza katajwa kwa kheri au kwa shari? Hapa Forodhani mwizi anatajwa kuliko imamu.

MtafitiTunguu

Mzee wangu, hiyo ndiyo kasoro yake kubwa na umeitoa kwa Kiswahili kitupu. Mashine haijui kheri wala shari. Mwaka 1998 Andrew Wakefield aliandika katika Lancet makala iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Ilikuja kuthibitika mbovu na jarida likaifuta mwaka 2010. Ni miongoni mwa makala zilizotajwa sana, na sehemu kubwa ni watu wanaoikanusha. Hesabu inaongezeka vile vile. Wakati wa korona, Juni 2020, makala mbili zilizojengwa juu ya data za kampuni moja ambazo hazikuweza kuthibitishwa zilifutwa na majarida makubwa mawili, na bado watu waliendelea kuzitaja kama kwamba hazijafutwa.

MzeeWaJaws

Basi mpwa wa mwalimu hana kosa kubwa. Kafuata msafara tu.

Mmakonde_Halisi

Mzee, msafara ulipita kwetu ukabeba neno, jamani 😄

MuuguziWete

Mwalimu hujatujibu. Mwisho wake mpwa kafanyaje?

MwalimuKikwajuni

Nimerudi. Jana usiku kaja nyumbani na kompyuta yake. Zile makala 5 kazifungua zote, moja baada ya moja. Nne zinasema "neno la Kiswahili" na hakuna hata moja inayoonesha imelitoa wapi. Ya tano inasema Kimakonde! Ilikuwa imo ndani ya mabano yake mwenyewe, inampinga, na yeye kaiweka kuwa shahidi. Kacheka mpaka kakaa chini.

Kamuuliza msimamizi wake kama mtu anaweza kumrejelea bibi. Kaambiwa ipo njia, inaitwa mawasiliano binafsi: unaandika jina na tarehe ndani ya maandishi, lakini kwenye orodha ya mwisho haliingii, na mashine za kuhesabu hazilioni. Akakubali hivyo hivyo.

Leo asubuhi tukaenda kwa bibi, yaani mama yangu, kumuomba ruhusa. Tukamweleza kwamba ataandikwa kwenye tasnifu kuwa neno chikungunya hajawahi kulisikia katika Kiswahili cha Unguja. Kasikiliza vizuri. Kaliulizia neno mara tatu, kalitamka, kalitema. Halafu kamwambia mjukuu wake, "Andika vizuri. Mie Mmakunduchi. Useme Kiunguja halimo, na Kikae vilevile halimo. Usinichanganye na watu wa mjini."

Mtafiti, Kikae, hii lahaja ya Makunduchi, kwenye tasnifu ya Kiingereza kinaandikwaje? Mpwa anakusubiri.